Riba Ilishuka, Wakopaji Wadogo Wakafungiwa Mlango

Kila nikisikia mwanasiasa akiahidi kushusha riba kwa sheria, hukumbuka Kenya ya Septemba 2016 hadi Novemba 2019. Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyozuia benki kutoza zaidi ya pointi 4 za asilimia juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu. Kiwango kilikuwa karibu asilimia 10, basi kikomo kikawa 14 hivi. Watu walishangilia, na walikuwa na haki: riba ilikuwa inawanyonga.

Sasa mtazame fundi wa vyuma pale Kamukunji, eneo la mafundi jijini Nairobi, anayetaka mashine ya kuchomelea. Hana hatimiliki ya shamba, wala vitabu vya hesabu vilivyokaguliwa. Mkopo wa laki 2 unampa afisa wa benki usumbufu uleule wa mkopo wa milioni 20, na hatari yake ni kubwa zaidi. Zamani benki ilifidia hatari hiyo kwa riba ya juu. Kikomo kilipowekwa, ilikuwa rahisi kuikopesha serikali, ambayo hatifungani zake za muda mrefu zililipa zaidi ya asilimia 12 bila jasho. Fundi akaambiwa arudi akiwa na dhamana.

Ni kweli mikopo kwa sekta binafsi ilikuwa imeanza kudorora kabla ya sheria hiyo, baada ya Imperial Bank na Chase Bank kuanguka. Ndiyo maana nauthamini utafiti wa wachumi wa IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) uliotoka 2019, ambao ulichambua hali ya benki moja moja ili kuitenga athari ya sheria yenyewe. Waliona mikopo kwa biashara ndogo na za kati ikiporomoka, na benki ndogo, ambazo ndizo huwakopesha hao, zikipungukiwa na mikopo zaidi. Kusudi la sheria lilikuwa kinyume kabisa.

Wakopaji wakubwa walifaidi, hilo sikatai. Lakini aliyekataliwa haonekani katika wastani wa riba unaotangazwa.

Mwaka 2017 Kenya ilipitisha sheria inayoruhusu mashine, mifugo, hata pesa unazodai wateja, kuwa dhamana. Fundi yule angeweza kuweka rehani mashine ileile anayoinunua. Hiyo ndiyo ningependa wabunge waishupalie. Na benki zitakiwe kutangaza kila robo mwaka ni waombaji wangapi wa biashara ndogo zimewakataa, na kwa nini.