Kabla Hujaweka LED kwenye Indiketa za Land Rover ya Zamani

Mwenye Land Rover Series IIA akichoka na indiketa zinazowaka kama kibatari, mara nyingi hukimbilia dukani kununua balbu za LED. Anazichomeka, anasukuma swichi kushoto, kisha anakutana na moja kati ya vituko viwili: taa inawaka moja kwa moja bila kuzima, au kushoto na kulia zinapiga pamoja. Lawama zote anabebeshwa muuza balbu. Mara nyingi balbu haina kosa lolote. Indiketa ya gari la zamani ni balbu, flasha (kifaa kinachozifanya taa zipige), ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) na ile taa ya kijani ya dashibodi, na vitu hivyo vinne vinategemeana. Ama uviguse vyote, ama uviache vyote kama kiwanda kilivyoviweka.

Ethi ndiyo ya kwanza, tena haina gharama. Bodi ya Land Rover ni alumini, chasisi ni chuma. Metali hizi mbili zikikutana penye unyevu, alumini huliwa na kuacha unga mweupe usiopitisha umeme. Taa za mbele zimekaa kwenye madigadi, kwa hiyo pale umeme unapotegemea bodi kurudi kwenye betri, unapita skrubu za taa, madigadi, paneli ya rejeta, ndipo ufike kwenye chasisi, na kila kiungo kinakula chake. Washa taa, weka mita kwenye volti, ncha moja iguse chuma cha holda ya balbu na nyingine iguse ncha ya betri iliyofungwa kwenye chasisi. Chini ya 0.2 ni salama. Ikifika nusu volti, ethi imechoka. Na usidharau hizo sehemu za volti, kwa sababu mwanga wa balbu ya kawaida hushuka kwa kasi kuliko volti yenyewe: balbu inayostahili volti 12 ikipata 10.8, karibu theluthi ya mwanga wake imepotea.

Dalili nyingine haihitaji mita. Zima taa zote, kanyaga breki, mtu mwingine aangalie. Kama taa ndogo za mbele au za dashibodi zinawaka hafifu, ujue umeme wa breki umekosa njia ya kurudi na umepanda kinyumenyume kupitia nyuzi ya wati 5 ya balbu ya nyuma.

Dawa ni kuvuta waya mweusi wa milimita moja ya mraba kutoka kila holda, kuziunganisha, kisha kushuka na waya mmoja wa milimita mbili hadi boliti ya chasisi. Kwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae, tumia washa yenye meno, kaza, ndipo upake grisi juu. Gari nyingi zikifanyiwa hivi tu, hamu ya LED inaisha.

Kama bado unaitaka, chunguza soketi kabla ya kulipa. Indiketa hutumia balbu ya wati 21 yenye nyuzi moja, soketi ya BA15s, vipini viwili vikitazamana. Taa ya nyuma iliyounganishwa na breki ni ya nyuzi mbili, wati 21 na 5, soketi ya BAY15d, na kipini kimoja kimekaa juu kuliko kingine ili balbu isiingie kinyume. Wapo wanaokipiga tupa kipini ili iingie tu. Matokeo yake nyuzi ya wati 21 inakuwa taa ndogo, ya wati 5 inakuwa breki, na anayekufuata usiku hajui kama unasimama. LED za rangi ya chungwa huuzwa sana zikiwa za BAU15s, ambazo vipini vyake vimekaa pembeni kidogo. Hizo hazitaingia kwenye holda ya zamani hata uzibembeleze.

Kwenye rangi sina mzaha. Nyuma ya kioo cha chungwa weka LED ya chungwa, nyuma ya kioo chekundu weka nyekundu. LED nyeupe kwa asili ni ya buluu iliyopakwa unga wa njano, na ina wekundu kidogo sana. Ikipita kwenye kioo chekundu inatoka na uwaridi uliofifia, kwenye cha chungwa inakuwa njano ya limau. Kwa taa ndogo za mbele zenye kioo cheupe, chukua nyeupe ya joto, karibu Kelvini 3000. Ile nyeupe ya kibuluu kwenye gari la mwaka 1965 ni kama bati la rangi juu ya msonge.

Sasa flasha. Ile ya asili hufanya kazi kwa joto: umeme wa balbu mbili za wati 21, yaani wati 42, sawa na ampea 3.5 hivi, unapasha waya ndani yake, waya unarefuka na kufupika, ndipo taa zinawaka na kuzima. LED mbili hazifiki hata nusu ampea. Waya haupati joto, flasha inaganda. Hapo utashauriwa kuweka resista ya omu 6 kila upande, ivute umeme badala ya balbu ya zamani. Mimi nakataa kabisa. Kwa volti 14 resista hiyo inavuta ampea 2.3 na kutoa joto la wati 33, la kutosha kuyeyusha ganda la waya uliolala karibu. Unakuwa umenunua taa ya kuokoa umeme, kisha umenunua jiko la kuuchoma ule uliookolewa.

Nunua flasha ya kielektroniki isiyojali mzigo. Ya mtindo wa Ulaya ncha zake zimeandikwa 49, 49a na 31. Waya wa kijani uliokuwa kwenye ncha B ya flasha ya zamani unakwenda 49, ule wa kijani hafifu wenye mstari wa kahawia uliokuwa kwenye L unakwenda 49a, na 31 inahitaji waya mpya wa ethi. Flasha za Kijapani, zilizojaa maduka ya spea kwetu, zimeandikwa B, L na E. Herufi mbili zinafanana na za Lucas, yaani za flasha ya asili, na hapo ndipo watu hunaswa: ya tatu kwa Lucas ni P, inayopeleka umeme kwenye taa ya dashibodi, lakini E ni ethi. Ukihamisha nyaya kwa kufuata nafasi badala ya herufi, flasha itafanya vituko au itakufa. Ikipiga vizuri, hesabu kwa dakika moja: iwe kati ya mara 60 na 120.

Hasara moja lazima isemwe. Flasha ya zamani hubadilisha mapigo balbu moja ikiungua, nawe unajua. Nyingi za LED hazikuambii kitu, kwa hiyo kuzunguka gari kabla ya safari kunakuwa kazi yako.

Kupiga pande zote mbili kwa pamoja husababishwa na taa moja ya kijani iliyofungwa kati ya waya wa kushoto (kijani na nyekundu) na wa kulia (kijani na nyeupe). Zamani umeme mdogo uliopita humo uliishia kwenye balbu za upande wa pili bila kuziwasha; LED huo mdogo unaitosha. Tumia dayodi mbili za 1N4007, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu: upande usio na mstari wa kila moja uunganishwe kwenye waya wake wa indiketa, pande zenye mstari zikutane kwenye taa ya kijani, na mguu wa pili wa taa uende ethi. Kama taa yako inalishwa na P, ifunge hivyohivyo, maana flasha mpya haina P.

Na kabla ya yote hayo, tazama ni ncha ipi ya betri imefungwa kwenye chasisi. Land Rover nyingi za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 ethi yake ni chanya. Balbu ya kawaida haijali, lakini LED isiyokubali pande zote haitawaka, na flasha ya kielektroniki inaweza kuungua palepale.

Ukitaka kuongeza hazadi, flasha mpya itabeba taa zote nne bila taabu. Ya zamani ingebebeshwa wati 84, mara mbili ya kiwango chake. Swichi ya hazadi ilishe moja kwa moja kutoka betri kwa fyuzi yake ya ampea 10, isipitie ufunguo, ili gari likiharibika barabarani uondoke na ufunguo wako mfukoni huku taa zikiendelea kupiga.