Wale watu sita ambao hawajijui

Akifariki mtu aliyekuwa anakimbia kila asubuhi, hapohapo utasikia "si mnaona, mazoezi yote yale na kaondoka, na fulani anavuta sigara mpaka leo ana miaka 80 anadunda tu". Watu wanacheka, mada inafungwa. Mfano unaopendwa zaidi ni wa Jim Fixx, yule Mmarekani aliyewatia watu wengi hamu ya kukimbia miaka ya 70, akaja kuanguka kwa moyo mwaka 1984 akiwa kwenye mbio zake, umri miaka 52. Kinachorukwa kwenye hiyo stori ni kwamba baba yake alipata shambulio la moyo akiwa na 35 akafa na 43, na Fixx mwenyewe kabla hajaanza kukimbia alikuwa mnene na anavuta pakiti mbili za sigara kwa siku. Sasa mbio zilimuua au zilimwongezea miaka 9 kuliko baba yake? Hakuna anayeweza kukwambia, na ndo maana nadhani wanaotetea mazoezi wanaonewa sana kwenye huu mjadala, wanadaiwa ushahidi ambao kwa mtu mmojammoja haupo na hautakaa uwepo.

Chukua ule utafiti wa Marekani uliotoka 2002. Watu 3,234, wote wana uzito uliozidi na sukari imeshaanza kupanda ila kisukari bado. Wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa metformin, dawa ya kisukari, wengine kidonge ambacho hakina dawa ndani, wengine wakaambiwa wapunguze asilimia 7 ya uzito wao na wafanye mazoezi ya kawaida tu kama kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki. Baada ya kama miaka 3 hivi, kundi la metformin kisukari kilipungua kwa asilimia 31 na kundi la mazoezi na msosi asilimia 58. Yaani kutembea na kupunguza kula kukaishinda dawa. Hiyo 58 ndo inapigiwa debe kila mahali, na kiukweli ndo inayoleta balaa, maana mtu akiisikia anaona kama kapewa ahadi, kwamba mimi nikitembea nina nafuu ya asilimia 58 mfukoni.

Ngoja tuivunjevunje. Kati ya watu 100 waliokuwa kwenye kile kidonge kisicho na dawa, kwa mwaka mmoja kisukari kiliwapata kama 11. Kati ya 100 wa mazoezi, kama 5. Tofauti ni watu 6. Wale 5 walitembea, wakajinyima, na bado wakaugua. Na 89 waliobaki mwaka huo wasingeugua hata wangekaa kwenye kochi mwaka mzima.

Sasa jiulize nani ataongea. Wale 5 wataongea, tena kwa uchungu, na wana haki, "nilifanya kila nilichoambiwa". Wale wa kwenye kochi ambao hawakuugua nao wataongea, "mimi sijawahi kukimbia hata siku moja na nipo fiti", na walio hivyo ni wengi kweli, hawadanganyi. Wale 6 je? Wale 6 ndo pekee ambao mazoezi yamewakinga mwaka ule na hawajijui! Hawana cha kusimulia. Waliamka, wakatembea, wakalala, hakuna kilichotokea, na hakuna daktari anayeweza kuingia kwenye lile kundi la watu 95 wasiougua akasema wewe, wewe na wewe, nyie mmeponea chupuchupu. Kwa hiyo kwenye kila mjadala wa hii mada kuna mashahidi wa upande mmoja tu, wa upande wa pili hawajui hata kama ni mashahidi. Aliyeumwa akapewa dawa akapona anajua kabisa kapona na anaitaja dawa kwa jina, lakini ugonjwa ambao haukuja hauna shukrani wala jina. Nimeizungusha sana hii hesabu kichwani na kila nikiirudia naona watu hawajadili mazoezi, wanajadili nani kapata nafasi ya kuongea.

Upande wa pili nao una hoja, tena nzito kuliko ile ya "siku ikifika imefika". Kuna utafiti wa Jeremy Morris kwa wafanyakazi wa mabasi ya London, 1953. Dereva amekaa siku nzima, kondakta anapanda ngazi za basi la ghorofa na kushuka, ngazi kati ya 500 na 750 kwa siku, na ugonjwa wa moyo ukaonekana kuwachapa zaidi madereva. Safi. Lakini Morris huyohuyo mwaka 1956 akaenda kuangalia saizi za suruali za yunifomu (wazo zuri kweli, mafaili ya suruali!) akakuta madereva walikuwa na viuno vipana kuliko makondakta, hata vijana wao. Maana yake huenda waliochagua kukaa tayari walikuwa tofauti na waliochagua kupanda ngazi. Hili ndo swali la kila utafiti unaolinganisha wanaofanya mazoezi na wasiofanya: ni mazoezi yamempa afya, au ni afya imempa nguvu ya kufanya mazoezi? Ule wa 2002 umelikwepa kwa sababu ya bahati nasibu, ila una la kwake. Watu walipewa mtu wa kuwafundisha ana kwa ana, masomo 16, wakafuatiliwa. Anayefanya kazi shifti mbili na analea watoto hapewi hayo, anaambiwa tu "fanya mazoezi", kwisha. Na hata hao waliofuatiliwa, ilipofika miaka 10 uzito ulikuwa umerudi kwa kiasi kikubwa na ile 58 ikawa 34.

Hapa watetezi wa mazoezi wamejiharibia wenyewe pia. Hatua 10,000 kwa siku zilianzia kwenye jina la kimashine cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani 1965, ni biashara ile, halafu mtu akifika 4,000 anajiona kafeli anaacha. WHO wenyewe mwaka 2020 waliondoa lile sharti kwamba mazoezi yasiyofika dakika 10 mfululizo hayahesabiki, wakabaki na dakika 150 mpaka 300 kwa wiki kwa mtu mzima, zikusanye unavyoweza, na kidogo ni bora kuliko sifuri.

Mimi nipo upande wa kutembea, si siri. Ila ile hesabu ya 5, 6 na 89 inakata kotekote. Kama huwezi kumwonyesha aliyeokolewa basi huwezi pia kumnyooshea kidole aliyeumwa, na lile swali tunalopenda kumuuliza mtu kitandani, "kwani ulikuwa hufanyi mazoezi?", unaweza ukawa unamuuliza mmoja wa wale 5.