Friji Yenu Iko Wapi?

Jumamosi mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kanirushia tangazo: filla ya midomo, yaani jeli ya kujaza midomo inayochomwa kwa sindano, bei ya ofa, ukija na shoga yako mnapunguziwa. Mahali? Saluni, Sinza, pale pale wanaposukia rasta. "Dada, twende wote?" Twende wapi, mama? Kwa mtu aliyetoka kubandika kope sasa hivi?

Sina ugomvi na wanaojipamba. Uso wako, hela yako. Na haya, nakiri: kuna mwenzangu kazini kachoma Botox, ile sindano ya kulainisha mikunjo ya uso, kwa daktari wa ngozi na kapendeza kweli. Miezi minne ikaisha nguvu, karudi.

Ila filla! Ile jeli ikiingia kwenye mshipa wa damu, inauziba. Ngozi inapauka, inauma, isipowahiwa inakufa. Na mishipa ya puani na ya katikati ya nyusi imeungana na ya jicho, kwa hiyo mtu anaweza kukaa kitini anaona na akainuka haoni. Kwa midomo, wenye ujuzi hutumia zaidi filla ya asidi ya hayaluroniki, kwa sababu ina dawa ya kuiyeyusha, hayaluronidezi. Dawa hiyo inatakiwa iwe hapo chumbani, siyo "tutaagiza". Nikamwambia, kabla hujauliza bei, uliza kama wanayo. Akauliza. Jibu: "Kwetu haijawahi kutokea, dear." Hata bodaboda hajawahi kuanguka, mpaka siku anaanguka.

Botox nayo kichupa chake hukaa kwenye baridi, nyuzi 2 hadi 8. Friji ninayoijua mimi pale saluni ina soda na mkaa wa uso.

Anayejiita daktari akupe namba yake ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, uihakiki. Akinuna, umeshapata jibu. Mjamzito au anayenyonyesha, asubiri. Pombe na aspirini ya kujinunulia dukani zinaongeza vilia, yale madoa ya damu chini ya ngozi. Ila kama aspirini umeandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache bila kuongea na aliyekuandikia.

Mdogo wangu ana kitchen party tarehe 20, anataka kuchoma tarehe 19. Nikamwandikia kwamba midomo huvimba siku kadhaa hata kazi ikiwa safi, aipe angalau wiki 2.

Tiki mbili za bluu. Tangu jana.