Siku niliyoangusha Yeriko

Jamani mi kabla ya ile semina nilikua mwalimu wa sande skuli wa kawaida tu, unasoma mstari, unauliza "tumejifunza nini watoto", wanajibu "Yesu anatupendaaa" hata kama somo lilikua Kaini na Habili, mnaimba, mnatawanyika. Sasa tukapelekwa semina, mkufunzi akasema mwalimu wa kuongea tu watoto wanamsahau kabla hawajafika getini, fundisheni kwa vitendo. Nikarudi moto kweli.

Jumapili ile ratiba ilikua Yoshua 6, ule ukuta wa Yeriko uliozungukwa mpaka ukaanguka. Makuhani saba, baragumu saba, nikahangaika nikapata vuvuzela mbili za Simba na moja ya Yanga, nne zilizobaki nikakata bomba la maji. Sanduku la agano likawa kreti tupu la soda nimelifunika kitenge cha wife. Shida ikawa ukuta. Tukizunguka kanisa tunavuruga ibada, nikaangaza angaza macho nikaona choo cha wanaume, kile cha zamani kilibomoka kwenye mvua kwa hiyo tulikua tumezungushia mabati kwenye mirunda tukisubiri harambee. Yeriko si hii hapa!

Yoshua aliwakataza watu wasitoe hata neno mpaka awaambie, na wale watoto zaidi ya 40, wale wale wanaonitoa jasho mwaka mzima, wakanyamaza kimyaaa, mi nahesabu mizunguko kwa vidole huku naona kabisa karama inafanya kazi. Ndo maana hakuna aliyejua kuna mtu ndani. Si angekohoa basi!

Mzunguko wa saba vuvuzela zikalia, nikasema "pigeni keleleee!" Wakapiga. Na mabati wakayapiga, hiyo sikuwatuma mimi. Mrunda wa kona ulikua umeoza chini, ukasema kraa, upande mzima ukalala taratiiibu kama mtu anayesujudu.

Ndani kuna mzee wa kanisa, amechuchumaa, suruali magotini, simu mkononi, anapanga mkeka wa kubeti. Mahubiri yanaendelea!

Nikasahau hata kuwageuza watoto. Ndo kabinti kamoja ka miaka sita hivi, kale ambako siku zote najua hakanisikilizi, kakanyoosha kidole: "Mwalimu, huyu ndo Rahabu?"

Maana wiki ya nyuma niliwaambia ukuta ulianguka akapona Rahabu na watu wa nyumbani mwake tu. Ile kazi yake niliiruka, nashukuru Mungu.

Jumatano kikaitwa kikao, nimeenda na barua ya kujiuzulu mfukoni, wa kwanza kunitetea ni yule mzee mwenyewe, "mwalimu ana bidii jamani, tusimkatishe tamaa, twende ajenda ya pili", hanitazami usoni. Mkeka niliuona, na anajua niliuona.

Ila mama mwenyekiti wa watoto akavuta ratiba kucheki Jumapili inayofuata, akakuta Samsoni na zile nguzo mbili alizoangusha jengo zima. Akachukua peni akafuta. Nikapewa Zaburi 23, na nikaambiwa tukae ndani.