Racheti ndogo inunuliwe kwa unene wa kichwa, si kwa wingi wa vipande

Bakuli la kabureta ya pikipiki linafungwa kwa skrubu zinazotazama chini. Za upande wa nje unazifungua umekaa kwenye ndoo, huna wasiwasi. Ile ya ndani, iliyoegemea injini, chini yake panabaki nafasi ya vidole vitatu halafu unakutana na gamba la injini. Bisibisi ya kawaida haifiki. Bisibisi fupi ya mpini mnene inafika kwa tabu, lakini mkono wa kuizungusha hauna pa kukaa. Nimefanya kazi ya pikipiki hapa Morogoro miaka kumi na moja, na karibu kila ninachokiamini kuhusu vifaa vya sehemu finyu kimetokana na skrubu hiyo.

Jioni moja kijana wa bodaboda aliniletea pikipiki inayovuja petroli kwenye kabureta. Alikuwa na mzigo wa kupeleka Kihonda kabla ya giza. "Kaka, nifanyie haraka, hesabu ya bosi bado haijatimia." Nilikuwa na kasha jipya la vipande 46, lile linalouzwa kila duka la vifaa, na nililiamini sana. Racheti yake, yaani mpini unaozungusha skrubu kwa kwenda na kurudi bila kuutoa kichwani, haikuingia. Nikaibana skrubu pembeni kwa plaizi, ikateleza. Nikabana tena, kichwa kikalika, ile nyota ikabaki kishimo cha mviringo. Mwishowe tuling'oa kabureta nzima na kuitoboa skrubu kwa drili. Tulipomaliza, giza lilikuwa limeshaingia na mzigo bado umefungwa kwenye kiti. Sikumtoza hata shilingi, lakini safari aliyoikosa hakuna aliyemrudishia.

Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasifia kasha kwa idadi ya vipande, naingilia kati. Vipande 46, 94, 108, hiyo ni hesabu ya kuuzia. Kwa skrubu iliyojificha, jambo la kwanza ni hili: kifaa chako kina unene gani kikishapangwa chote, kuanzia mgongo wa racheti hadi ncha ya biti, kile kipande kidogo cha kubadilisha kinachoingia kwenye skrubu?

Chukua lile kasha uone. Racheti ina kichwa nene, na mbele yake inatokeza pini ya mraba. Kwenye pini unavika soketi ya kushikia biti, ndani ya soketi unatia biti. Pima kwa rula: sentimita sita na zaidi. Mimi chini ya kabureta nilikuwa na nne na nusu. Sasa chukua racheti ya biti, ile nyembamba isiyo na pini, ambayo biti inaingia moja kwa moja kwenye tundu la pembe sita la kichwa. Ukitia biti fupi ya milimita 25, yote kwa pamoja ni kama sentimita tatu. Tofauti yote iko hapo.

Muwe makini na neno "robo" dukani. Robo inchi ni milimita 6.35, na wauzaji huitumia kwa vitu viwili visivyoingiliana: pini ya mraba ya kuvika soketi, na tundu la pembe sita la kutia biti. Ukisema "nipe racheti ya robo" utapewa ya mraba, kwa sababu ndiyo inayotoka sana. Sema unataka ya biti, na nenda na biti yako mfukoni ujaribu kabla ya kulipa.

La pili ni meno. Ndani ya racheti kuna gurudumu dogo lenye meno na ulimi unaosukumwa na springi. Ukirudisha mpini nyuma, ulimi unapanda juu ya meno na kutoa ule mlio wa "krr". Ukisukuma mbele unang'ata na kuzungusha. Gurudumu la meno 24 linataka usogeze mpini nyuzi 15 ndipo ulimi ushike jino jingine. La meno 36 linataka nyuzi 10, la meno 72 nyuzi 5. Hesabu hiyo iweke kwenye mpini wa sentimita tisa: kwa meno 24, ncha ya mpini lazima itembee karibu milimita 24, kwa meno 72, milimita 8 zinatosha. Katikati ya injini na fremu, huku waya wa klachi umepita hapo hapo, milimita 24 huzipati. Unasukuma, unagonga fremu, unarudisha, hakuna mlio, skrubu haijasogea.

Maandishi ya kwenye boksi usiyategemee. Shika kichwa, zungusha mpini robo ya duara taratibu, na uhesabu milio. Ikiwa 18, meno ni 72. Ikiwa 9, ni 36. Nimefanya hivyo mbele ya wauzaji wa Kariakoo na hakuna aliyenikatalia.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalioni mpaka wako chini ya mashine. Skrubu ikishalegea, racheti inaweza kukusaliti. Unapoirudisha nyuma, msuguano wa ulimi juu ya meno unakuwa mkubwa kuliko ule unaoishikilia skrubu, basi skrubu nayo inarudi. Unafungua na kufunga skrubu ile ile dakika tano nzima. Kwa hiyo nataka racheti yenye ulimi mwepesi, na nataka kichwa chenye duara la michirizi ninaloweza kulizungusha kwa ncha ya kidole. Nikishailegeza skrubu mizunguko miwili, naachana na mpini kabisa, namalizia kwa kidole. Racheti isiyo na duara hilo siinunui, hata ikiwa na meno 90.

Kulegeza skrubu iliyogoma ni kazi nyingine. Meno madogo ni mazuri kwa nafasi, lakini racheti nyembamba haikutengenezwa kwa kutu ya miaka minane. Ukivika bomba kwenye mpini ili kuongeza nguvu, ulimi unavunjika. Mimi nanyunyiza mafuta ya kupenya, nakunywa chai, halafu naikata ile nguvu ya kwanza kwa bisibisi iliyopinda umbo la herufi L. Kile kipande cha chuma hakina meno wala springi, hakuna cha kuvunjika. Racheti inaingia baada ya hapo. Wenye vifaa vichache wanaweza kuanza na hiyo L peke yake. Kazi itakwenda polepole, lakini skrubu zitabaki nzima.

Na ncha yenyewe? Kosa linaanzia kwenye neno letu "nyota". Tunaita nyota kila kichwa chenye msalaba, kumbe ziko za aina tofauti. Ya kawaida inaitwa Phillips, kwa jina la Henry F. Phillips wa Portland, Marekani, aliyepata hataza zake miaka ya 1930. Skrubu za bawaba za makabati mara nyingi ni Pozidriv, unaitambua kwa mistari minne midogo iliyochorwa katikati ya mikono ya msalaba. Pikipiki za Kijapani za zamani zina msalaba wa JIS, kiwango cha Japani, na nyingi zina kidoti kimoja pembeni ya kichwa. Biti ya Phillips ndani ya JIS haikai hadi chini, inaelea, na ikipata nguvu inapanda juu na kuchana kingo. Kwa bisibisi ndefu unaweza kuibana kwa uzito wa bega. Kwa racheti bega halisaidii kitu, una kidole gumba tu mgongoni mwa kichwa. Ndiyo maana biti isiyokaa sawasawa huharibu zaidi kwenye racheti kuliko kwenye bisibisi ya kawaida, na ndiyo maana nikiwa na hela ya kuongeza naitia kwenye biti nzuri kabla ya racheti ya jina kubwa.

Mafundi wenzangu wananiambia, "Legeza klampu, izungushe kabureta, skrubu itakuja yenyewe." Mjomba aliyenifundisha kazi alifanya hivyo maisha yake yote, na kwa mpira mpya sina ugomvi. Lakini ule mpira unaounganisha kabureta na injini ukishakauka, kila ukiupinda unapasuka kidogo, na ufa mdogo tu unaingiza hewa. Baada ya hapo mwenye pikipiki anarudi kulalamika sailensa haitulii, yaani injini haiungurumi sawasawa ikiwa imesimama bila kupewa mafuta, nawe unaanza kutafuta tatizo ulilolitengeneza mwenyewe.

Zile fimbo za kujipinda kama nyoka nazo nilinunua. Zinafaa kwa klipu za mabomba ya maji na kwa skrubu nyepesi, basi. Ukikaza kitu cha maana fimbo inajinyonga yenyewe kwanza, mkono wako umegeuka nusu duara na skrubu iko palepale.

Nyumbani hali ni ile ile. Mwezi uliopita shemeji aliniita, mlango wa kabati lake la jikoni umening'inia. Skrubu ya bawaba ilikuwa sentimita tano kutoka ukutani, na fundi aliyetangulia alikuwa ameipigania kwa kisu cha mezani. "Shemeji, huyo alisema lazima kabati litolewe ukutani," aliniambia. Nikatoa racheti mfukoni, biti ya Pozidriv namba 2, gumba mgongoni, krr, krr, krr. Mtoto wake akachuchumaa karibu akisikiliza. Sufuria hazikutolewa hata moja kwenye rafu.

Ninayotumia sasa ni fupi kuliko kalamu. Biti zake nimezipunguza hadi saba: Phillips namba 1 na 2, Pozidriv namba 2, JIS namba 2, bapa moja, na Torx, ile nyota ya ncha sita, T20 na T25. Zinakaa kwenye kipande cha tyubu ya tairi nilichokitoboa matundu. Biti ziwe na sumaku, au tundu la racheti liwe na pete ya kuzishika, kwa sababu skrubu za kabureta zinatazama chini na biti isiyoshikwa inadondokea juu ya injini yenye moto. Lile kasha la vipande 46 bado ninalo. Soketi namba 8 na 10 nazitumia kila siku kwenye magamba ya plastiki, pale mkono unapopata nafasi ya kutosha.