Salem inauza kofia, mahakama imeachwa pembeni

Oktoba iliyopita nilimpeleka jirani yangu mahakamani Salem, jimbo la Massachusetts. Ni mama wa Bukavu, alikuwa na karatasi za familia za kushughulikia kwenye yale majengo ya mahakama yaliyojipanga Mtaa wa Federal. Mkalimani alitolewa na mahakama bila malipo, kama sheria ya jimbo inavyotaka. Kazi yangu ilikuwa usukani na kutafuta pa kuegesha gari, na anayeijua Salem ya Oktoba, mwezi wa sikukuu ya Halloween mji unapofurika wageni, atakwambia nani alikuwa na kazi ngumu.

Tulitoka saa sita mchana tukakuta mji umejaa kofia nyeusi zenye ncha. Wamevaa watoto, wamevaa wazee, wamevalishwa na mbwa. Pembeni mwa Mtaa wa Washington foleni imepangwa kupiga picha na sanamu ya shaba ya mwigizaji wa mchezo wa zamani wa televisheni, amepanda ufagio, nyuma yake mwezi mwandamo. Mama akauliza hawa ni nani. Nikamjibu: wachawi, wa kuigiza.

"Dada, kwetu mulozi banamuchoma, huku banapiga naye picha?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kwa maoni yangu Salem inauza kitu ambacho haijawahi kuwa nacho. Wachawi hawakuwapo. Iliyokuwapo ni mahakama iliyowahukumu watu kwa uchawi, nayo ndiyo ya kwenda kutazamwa. Mahali ilipokaa, katikati ya mtaa huohuo wa Washington, pamebaki kibao tu ukutani. Ukipita na aiskrimu mkononi hukioni.

Mei 1692 Gavana William Phips aliunda mahakama maalumu ya kusikiliza kesi za uchawi. Mkuu wake, William Stoughton, alisomea dini, si sheria. Mshtakiwa hakuwa na wakili. Na ushahidi? Msichana anasimama, anasema usiku kivuli cha mama fulani kilikuja kumkaba, na majaji wanaandika. Ukijitetea kwamba usiku huo ulikuwa umelala kwako, haisaidii: wanakubali kwamba mwili ulikuwa umelala, shitaka ni la kivuli.

Rebecca Nurse alikuwa bibi wa miaka 71. Baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia. Waliomshitaki wakaangua mayowe ukumbini, Stoughton akawataka wazee wafikiri tena, wakaenda, wakarudi na neno jingine: ana hatia. Alinyongwa Julai 19. Giles Corey, mzee wa zaidi ya miaka 80, alikataa kujibu shitaka, basi wakamlaza wakampandishia mawe mazito kifuani hadi akafa. Waliokiri uchawi walipona. Walioshikilia kwamba hawakufanya ndio waliopelekwa kamba. Walinyongwa watu 19, na hakuna hata mmoja aliyechomwa moto, ingawa ukiwauliza wenye kofia wengi watakwambia walichomwa.

Sisi tukisikia kikongwe wa Shinyanga amekatwa mapanga kwa sababu ana macho mekundu, macho ya moshi wa kuni wa miaka yote ile jikoni, husema: heri wangempeleka mahakamani. Nimeyasema hayo mwenyewe, zaidi ya mara moja. Salem walipelekwa mahakamani. Palikuwa na hati za kukamata, viapo, karani na wino wake, mashahidi wakiitwa kwa majina. Kundi la mapanga halina karatasi; hawa walikuwa nazo tele.

Wala haikuhitaji muujiza kuyamaliza. Oktoba mwaka huohuo Phips aliivunja mahakama ile. Januari 1693 mahakama mpya ikaanza kazi, safari hii vivuli havihesabiwi kuwa ushahidi, na karibu washtakiwa wote wakaachiwa. Jaji mmoja, Samuel Sewall, mwaka 1697 alisimama kanisani mbele ya watu huku maneno yake ya kukiri kosa yakisomwa. Mtu wa mwisho kusafishwa jina kisheria, Elizabeth Johnson, alisubiri hadi 2022, tena baada ya wanafunzi wa shule na mwalimu wao kulishikia bango jambo hilo.

Tukashuka bandarini, maana mimi mara ya kwanza nililetwa Salem na kitambaa. Bibi yangu Unguja aliita shuka ya pamba isiyopaushwa "merikani" mpaka anaingia kaburini, wala hakujua kwamba iliyoifikisha forodhani kwake, zama za Sayyid Said, ni majahazi makubwa ya mji huu mdogo. Walileta merikani, wakaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa mtu wa Salem. Forodha yao ya mwaka 1819 ipo bado, ya matofali, na tai wa dhahabu juu ya paa, inatazama gati la Derby lenye urefu wa karibu nusu maili. Siku ile, katika msongamano wote ule, gatini tulikuwa sisi wawili na bwana mmoja anayetembeza mbwa. Huyu hakuvalishwa kofia.

Kabla ya kurudi garini nilimpitisha mama kwenye kumbukumbu ya waliouawa, kando ya makaburi ya Mtaa wa Charter. Mabenchi 20 ya mawe yametokeza ukutani, kila moja na jina la mtu, tarehe na namna alivyokufa. Mlangoni, kwenye mawe unayoyakanyaga, yamechongwa maneno waliyoyasema mbele ya majaji. Akaniomba nimsomee. Nikaanza, nikafika pale sentensi inapoingia chini ya ukuta.

"Endelea," akasema.

Nikamwonyesha ukuta. Akainama, akapapasa jiwe kwa vidole pale herufi zinapoishia.