Ukiumia kazini Marekani, bosi asikwambie utumie bima yako

Mtu akiumia kazini hapa Marekani, maneno ya kwanza anayosikia kwa meneja mara nyingi huwa ya upole: "Nenda hospitali utumie bima yako, tutaona la kufanya." Wanaobeba maboksi kwenye maghala wanayajua, wanaokata nyama viwandani wanayajua, na dada zetu wanaowanyanyua wazee vitandani usiku kucha wanayajua zaidi. Bima yako ya afya haikulipi mshahara wa wiki unazokaa nyumbani mkono ukiwa kwenye bandeji, na ikigundua uliumia kazini inaweza kukataa hata hiyo hospitali. Kuna bima ya fidia ya wafanyakazi, mwajiri ndiye anayeilipia, na kwa maoni yangu anayekuelekeza kwingine anakwepa sheria hata kama cheti chake cha bima kimetundikwa ukutani.

Kwa nini afanye hivyo ilhali ameshalipa? Kwa sababu bei ya bima hiyo hupangwa kwa jumla ya mishahara anayolipa, hatari ya kazi yenyewe, na kwa kampuni zenye ukubwa fulani, historia ya madai pia. Fundi wa paa hukatiwa bima kwa bei ya juu sana kuliko karani. Kila ajali inayoripotiwa leo inaweza kumpandishia bei kesho, kwa hiyo ajali inayozimwa kwa maneno matamu ni akiba yake. Akiba hiyo inatoka mfukoni mwa aliyeumia.

Na haki yenyewe haikuletwa na hisani ya mtu. Tarehe 24 Machi 1911 mahakama ya juu ya New York ilifuta sheria ya fidia ya jimbo hilo, ikisema inamnyang'anya mwajiri mali yake. Kesho yake kiwanda cha nguo cha Triangle, mjini humo humo, kiliungua na watu 146 wakafa, wengi wao wasichana wahamiaji. Ilibidi New York ibadilishe katiba yake mwaka 1913 ndipo sheria nyingine ipite. Wisconsin walikuwa wameanza na yao mwaka huo wa 1911; Mississippi ndiyo ikawa ya mwisho mwaka 1948. Makubaliano yakawa haya: mfanyakazi anaacha haki ya kumshtaki mwajiri, na kwa upande wake anatibiwa na kulipwa sehemu ya mshahara, kwa kawaida theluthi mbili, bila kuulizwa nani alikosea. Ukitoa haki ya kushtaki halafu ukashawishiwa usidai fidia, umeibiwa mara mbili.

Tatizo ni kwamba kila jimbo lina lake. California mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja tu lazima awe na bima. Georgia sharti huanzia kwa watatu. Ohio mwajiri hununua kwenye mfuko wa jimbo, si kwa kampuni binafsi. Halafu kuna Texas, ambako Wakongo na Wakenya tumejaa, na ambako mwajiri binafsi anaruhusiwa kutokuwa na bima hii kabisa. Ndiyo, anaruhusiwa. Masharti ni kwamba awajulishe wafanyakazi na mamlaka ya jimbo, na akishtakiwa hawezi kujitetea kwa kusema uzembe wako au wa mwenzako ulichangia. Lakini wewe bado unabeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alizembea, tena wengi husainishwa siku ya kwanza kwamba ugomvi utakwenda kwa msuluhishi, si mahakamani. Huo mlango ungefungwa ningefurahi.

Madereva wa malori na wa kusambaza vifurushi, ninyi mna lenu: karatasi ya 1099, ile ya kodi anayopewa asiyehesabiwa kuwa mwajiriwa. Mnaambiwa ni wakandarasi huru huku mnapangiwa saa, njia na hata rangi ya fulana. Kuitwa mkandarasi hakumalizi hoja, maana mahakama huangalia nani anaitawala kazi. Ila majimbo nayo hulegeza kamba: Julai 2024 Mahakama ya Juu ya California iliihalalisha sheria iliyopitishwa kwa kura ya wananchi 2020, inayowaweka madereva wanaoitwa kwa programu za simu nje ya fidia ya wafanyakazi.

Adhabu zipo. New York humtoza mwajiri asiye na bima hadi dola 2,000 kwa kila siku 10, na California ni kosa la jinai. Zote zinamlenga asiye na bima. Aliye nayo lakini anawanyamazisha watu wake ni vigumu kumshika, maana hakuna karatasi, ni maneno ya korido. Ningeomba jambo moja kwa wanaotunga sheria. California tayari madai yasipokataliwa ndani ya siku 90 baada ya fomu ya madai kuwasilishwa, jeraha huchukuliwa kuwa la kazini hadi ithibitishwe vinginevyo. Kanuni hiyo ingefaa kila jimbo kwa bosi aliyejua mtu ameumia lakini asimpe fomu hiyo: jeraha lihesabiwe la kazini, kisha yeye ndiye ahangaike kuthibitisha kinyume.

Mpaka hapo, mwambie daktari siku ile ile kwamba uliumia kazini, aandike. Mjulishe mwajiri kwa maandishi. Texas una siku 30 za kumjulisha, na mwaka mmoja wa kufungua madai. Majimbo mengi yana ukurasa wa bure mtandaoni wa kuangalia kama kampuni ina bima, na huo uangalie kabla hujaanza kazi. Tena kanuni za Texas zinataka tangazo la bima libandikwe kwa Kiingereza, Kihispania na lugha nyingine yoyote inayotumiwa na wafanyakazi wengi wa hapo. Kama shifti yenu nusu ni Waswahili, kamuulizeni meneja tangazo la Kiswahili liko ukuta gani.